Mbwa Aliyekohoa Mlangoni kwa Sifuna

Naomba radhi mapema, maana hii hadithi nitaiharibu. Mimi nimezoea kusimulia nikiwa na maikrofoni mkononi, watu wakiwa wameshiba wali wa harusi, na mtu mzima akishashiba hucheka hata ukimsomea ratiba. Leo sina maikrofoni na hakuna aliyeshiba. Nina benchi tu.

Benchi lenyewe liko hapa Kitale, mbele ya kibanda cha Sifuna, fundi viatu. Zamani lilikuwa la shule. Mguu mmoja ulivunjika tukaweka matofali mawili. Mbele yake kuna mahindi ya watu yameanikwa kwenye turubai, na kila mtu anayapita akiangalia mbingu kama amelipwa kuzilinda. Rahab hutuuzia kahawa ya tangawizi kutoka kwa birika lake jeusi. Muigai, mwenye duka la dawa za mifugo, tunamwita Daktari. Chesang alikuwa karani serikalini akastaafu. Yeye ni Hansadi, kwa sababu anakumbuka kila neno lililosemwa hapa tangu benchi lina miguu minne. Mimi ni Spika. Naendesha sherehe, harusi kwa matanga, na sauti yangu haihitaji umeme. Alhamisi moja Sifuna hakuwa anashona. Alikuwa ameshika kamba ya katani, na mwisho wa kamba alikuwa mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika.

Mbwa akakohoa mara mbili.

— Hiyo ni minyoo, Daktari akasema. Imepanda mpaka kwa koo. Wacha nimletee ile dawa ya kuku, nusu kijiko.

— Daktari, wewe hata mke wako akipata homa unampa dawa ya kuku, Rahab akamwambia.

— Na si alipona?

— Alipona akarudi kwao.

Hansadi akainama kumwangalia mbwa usoni.

— Si minyoo. Huyu amelelewa kwa ofisi ya serikali. Angalia vile amekaa. Anangoja kuitwa ndani.

— Tangu lini ofisi ya serikali ikakuita ndani? Daktari akauliza.

Kawaida hapo Sifuna angecheka. Hakucheka. Akasema tu:

— Wanakuja kumchukua saa nane.

Wacha niwaeleze, maana hapa ndipo naharibu. Baba yake Sifuna, Mzee Wakoli, aliletwa kutoka kwao kijijini Myanga akiwa mgonjwa. Mzee wa Kibukusu halali nyumba ya mwanawe, kwa hivyo Sifuna alimkodia chumba cha pembeni kwenye ploti ileile. Mzee akija kula, alisimama nje ya mlango akakohoa mara mbili, akangoja mke wa mwanawe, Edinah, atoke sebuleni. Baba mkwe na mkaza mwana hawagongani mlangoni. Mara mbili, kila siku, hata siku ambayo hakuwa na nguvu ya kusimama. Mwezi wa sita akafariki. Tulimzika Myanga, mimi nikiwa MC. Mjane wake, kukhu Phelista, yaani nyanya, akaletwa kwa kile chumba ili asibaki peke yake. Na Nekoye, mtoto wa Sifuna wa miaka tisa, aliyekuwa akimpelekea babu yake uji, akaacha kucheka. Si kwamba alilia. Aliacha tu, kama redio iliyoishiwa betri.

Mwezi wa kumi huyu mbwa akatokea kwenye mvua. Akasimama mlangoni, akakohoa mara mbili, akangoja. Nekoye akamfungulia. Wiki hiyohiyo mtoto akacheka.

— Kama mtoto alicheka, si mngemwacha mbwa akae, Rahab akasema.

— Alikaa, Sifuna akajibu. Shida ni jina.

Jumatatu asubuhi kukhu alikuwa uani akichambua mboga. Akasikia mjukuu wake akifoka: "Wakoli, umekojoa tena kwa ndoo. Toka hapo, mjinga wewe." Kukhu akaweka mboga chini. Akauliza, umemwita nani? Mtoto akamwonyesha mbwa.

Huyo mama hakupiga kelele. Alichukua Biblia na shali, akaenda kupanda gari la Bungoma, kurudi Myanga. Kabla ya kutoka alimwambia Nekoye maneno sita: "Umemzika babu yako mara ya pili." Dawa zake za presha zikabaki dirishani.

— Jana Edinah alimpelekea dawa Myanga, Sifuna akasema. Alirudishwa langoni. Ati hatakunywa dawa kutoka nyumba inayotukana wafu. Anakaa kibarazani akiangalia kaburi. Jirani anasema mguu umefura.

— Anataka nini? Hansadi akauliza.

— Vitu viwili. Mbwa atoke. Na mtoto aseme nani alimfundisha hilo jina, kwa sababu kukhu anasema mtoto hawezi kutoa kitu kama hicho kwa kichwa chake.

— Na mtoto anasema?

— Nekoye hajafungua mdomo tangu Jumatatu. Tumembembeleza. Edinah alimchapa, halafu akalia kuliko mtoto. Analala jikoni na mbwa.

Benchi letu halijui kunyamaza, kwa hivyo Daktari akaja na mpango.

— Tubadilishe jina. Tumbatize. Nitamwongelesha mzee wa kanisa, anaweza kuja na maji kidogo. Aitwe Timotheo. Kukhu ni mtu wa kanisa, hawezi kukataa Timotheo.

— Haitoshi, Hansadi akasema. Jina likishatumika lazima lifutwe rasmi. Unaenda kwa wakili, unaapa, linachapishwa kwenye gazeti la serikali. Mimi, mbwa wa Kitale, kuanzia leo sitajulikana tena kama Wakoli.

— Nani ataapa?

— Atakohoa mara mbili. Wakili ataandika.

— Afadhali tumzike, Daktari akasema. Matanga kabisa. Turubai, viti, ratiba yenye picha. Kukhu akisikia amezikwa atarudi. Mbwa mwenyewe tunampeleka Endebess akaishi kimyakimya.

— Na akionekana huko?

— Tutasema ni ndugu yake.

— Na Spika hapa atakuwa MC, Rahab akasema. Si alimzika wa kwanza?

Wote wakanigeukia wakicheka. Hapo ndipo ninapoingiaga, huwa sikosi jibu. Nikauma mandazi. Ilikuwa mandazi ngumu, namshukuru Mungu.

— Spika amepatwa na nini leo? Daktari akauliza.

— Mimi ninachoshangaa, Hansadi akaendelea, ni hilo jina lilitoka wapi. Kila kitu kilichosemwa benchi hili ninacho hapa kichwani. Hilo halikusemwa hapa.

Ni kweli. Halikusemwa hapo.

Saa nane ikafika na pikapu ya mikebe ya maziwa. Akashuka mama wa makamo, viatu vya mpira, kitambaa kichwani: Ciru, mfugaji wa Endebess. Daktari ndiye aliyemtafuta, ni mteja wake. Akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akachuchumaa mbele ya mbwa. Mbwa akakohoa. Ciru akamkuna lile sikio lililobaki.

— Ni mpole. Anaitwa nani?

Sifuna aliangalia viatu visivyoshonwa.

— Wakoli, akasema mwishowe.

— Si hilo ni jina la mtu?

— La baba yangu. Marehemu.

Ciru akamwangalia mbwa, akamwangalia Sifuna. Hakuwa na ubaya wowote, aliuliza tu vile mtu angeuliza ng'ombe amekula nini.

— Sasa nani alimpa mbwa jina la baba yako?

Daktari, ambaye ana dawa ya kila kitu, akakuna goti. Sifuna akasema polepole:

— Mtoto wangu. Tutafanyaje. Ni mtoto.

Nilikuwa nimepita kwa Sifuna siku ile ya mvua kurudisha mwavuli, nikamkuta Nekoye peke yake. Mbwa akasimama mlangoni, akakohoa mara mbili, na mimi, kwa sababu ulimi wangu haujawahi kukutana na kimya ukakiacha salama, nikainuka, nikatoa kofia: "Karibu ndani, Mzee Wakoli, Edinah ametoka." Nekoye akacheka mpaka akakaa chini. Miezi minne mtoto hajacheka, na mimi ndiye niliyemchekesha. Mnajua hiyo ni tamu kiasi gani kwa mtu wa kazi yangu? Nikarudi kesho yake nikairudia. Na kesho kutwa. Siku ya nne nikampa peremende, nikamwambia, hii ni yetu wawili tu, usimwambie mtu.

Nikainua kikombe.

— Rahab, hebu niongeze kahawa.

Rahab akapindua birika. Tone moja likaanguka kwenye matofali.

— Imeisha, Spika.

Sifuna akampa Ciru kamba. Mbwa hakutaka kupanda, ilibidi abebwe. Pikapu ilipogeuka tulimwona Nekoye amesimama ng'ambo ya turubai la mahindi, na sare ya shule. Hakuliangalia gari. Aliniangalia mimi, akaweka kidole kwenye midomo, vile nilivyomfundisha, kunionyesha kwamba bado hajasema.

Kwa hivyo msamaha niliouomba pale mwanzo nauondoa. Hadithi nimeisimulia vizuri kabisa, kuanzia kikohozi mpaka tone la mwisho la kahawa. Kasoro yake ni moja tu: nimewasimulia ninyi, na kukhu Phelista yuko Myanga.