Orodha ya Damu ya Saa Mbili Asubuhi

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu alizaliwa tarehe 6 Mei 1962, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi 1970 hadi 1976, sekondari hadi 1980, kisha akahitimu chuo cha maabara tarehe 12 Desemba 1983, ambako wenzake, kwa jinsi alivyokuwa haamini jambo mpaka alione mara mbili, walimbandika jina la Mama Hakikisha kabla hata hajawa mama wa mtu.

Aliajiriwa hospitali tarehe 2 Januari 1984, akaolewa na fundi umeme tarehe 19 Septemba 1987, wakajaliwa watoto watatu, na tangu 1999 alisimamia benki ya damu, ambamo kanuni ilikataza chupa yoyote kutoka kwenye friji kabla ya majibu ya vipimo kufika kwa kompyuta kutoka maabara kuu iliyoko mji mwingine, naye, akijua usipoziba ufa utajenga ukuta, kila siku saa mbili asubuhi alichapa orodha ya chupa zilizothibitishwa, akatia sahihi, ili mtandao ukikatika kazi isisimame.

Tarehe 14 Machi 2006 mtandao ulikatika saa tano asubuhi, na wodi ya wazazi ikaomba damu kwa ajili ya wifi yake, mke wa mdogo wake huyu anayewasomea wasifu huu, aliyekuwa akivuja baada ya kujifungua. Alitoa chupa zote tatu zilizokuwa kwenye orodha, lakini nne nyingine, ambazo majibu yake yalitumwa saa nne bila mtu kuyasoma na sasa hayakufunguka bila mtandao, alikataa kuzitoa huku analia, na mdogo wake amempigia magoti, kwani simu ya kuulizia maabara kuu nayo ilipita kwenye laini ile ile iliyokufa. Wifi yake alifariki saa nane na nusu, mtandao ukarudi saa tisa, na chupa zote nne zikaonekana salama.

Mdogo wake alimwita muuaji mbele za watu, akasusa kukanyaga kwake miaka saba. Dada hakujitetea, ila tarehe 3 Aprili mwaka ule ule aliwaandikia wakuu wake kwamba kanuni haikukosea, mpango wake mwenyewe wa kuchapa orodha mara moja kwa siku ndio uliokosea, na kuanzia hapo orodha ikachapwa kila majibu yanapofika, simu ikawekewa laini yake yenyewe, na hadi anastaafu mwaka 2022 mtandao ulikatika mara thelathini na nane bila mgonjwa mwingine kukosa damu iliyokwisha kupimwa.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2023, akafariki tarehe 11 Februari 2024 saa kumi jioni. Wiki yake ya mwisho mdogo wake alipomwomba radhi, alimjibu kwamba zile chupa nne hajazisahau hata siku moja, na kwamba ingekuwa leo, bila majibu, angemnyima tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa maabara waliomwosha miguu kwa zamu. Nami, niliyemwita muuaji mbele za watu, nalifuta neno hilo mbele za watu. Pumzika kwa amani, dada, ulinipenda na bado ukaninyima.