Leodegar, Fundi wa Mabomba Aliyerudi Nyumbani Akinukia Udi

Leodegar Gaudens alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1915, katika kijiji kimoja karibu na Ndanda. Ndiye aliyemwachia ziwa Bernadeta, dada yake, anayewasomea maneno haya. Kwa hiyo kabla Leodegar hajawa mume wa mtu alikuwa kaka wa mtu, na hilo liandikwe mwanzo kabisa, maana tangu jana hapa msibani limesahauliwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwalimu alimsifu kwa hesabu. Kwa kuimba alimwomba anyamaze.

Mwaka 1937 alikuja Dar es Salaam, akapanga Temeke na kujifunza ufundi wa mabomba. Mwaka 1954 aliajiriwa na kampuni iliyochimba kisima cha kutafuta mafuta porini, kusini ya Mbagala. Mafuta kidogo waliyoyaona yalikwama ndani ya jiwe la chokaa, hivyo walisukuma tindikali chini kwa pampu ili itafune jiwe na kuyafungulia njia. Kazi hiyo haina msamaha. Leodegar alipima kila kiungo cha bomba kwa maji matupu kwanza, akawasimamisha wenzake upande upepo unakotoka, ndipo akaruhusu tindikali ipite. Nguo za kazi hazikutoka kambini. Dobi wao, Mzee Hija wa Kinondoni, aliziloweka kwenye maji ya magadi kuua makali. Na zile za kwendea nyumbani alizifukiza udi, zisinuke kisima.

Hapo ndipo ndoa ilipotikisika. Leodegar alimwoa Rosalia tarehe 14 Juni 1941, na walipendana. Hata wifi mtu analikubali, ingawa kwa shingo upande. Lakini mwanamume anayetoka kazini ananukia udi kama bwana harusi, mke gani atanyamaza?

"Nani anakufukizia?" Rosalia aliuliza.

"Dobi wa kambini."

"Dobi! Dobi gani anafukizia waume za watu? Kama kweli, kesho zilete hizo nguo za kazi nizifue mie. La sivyo narudi kwetu."

Leodegar alikataa. "Mke wangu, afadhali unionee wivu mikono yako ikiwa mizima."

Rosalia alifunga mzigo. Ila kabla ya kwenda kwao, alipanda lori la kuni mpaka kambini akamfumanie huyo mwanamke. Alimkuta mzee mwenye ndevu nyeupe, amechutama akipepea chetezo, shati lake limetobokatoboka.

"Shikamoo," alisema Rosalia.

"Marahaba, mwanangu. Usiguse beseni hilo. Matundu haya unayoyaona ni matone tu."

Rosalia alirudi Temeke, akafungua mzigo. Hakuomba radhi, alinunua udi wake mwenyewe, na kuanzia hapo akamwonea wivu Mzee Hija.

Tarehe 11 Februari 1957, pampu ikiwa imefikia nguvu kubwa, kiungo kimoja kilichopita salama kwenye maji kilipasuka. Leodegar alikuwa mahali salama. Alirudi kumvuta mwenzake aliyeanguka, akavuta na ule moshi wa tindikali. Mwenzake alipona. Kifua cha Leodegar hakikupona.

Hospitalini kulikuwa na kigoda kimoja kando ya kitanda. Rosalia alisema, "Mume wangu huyo." Bernadeta akasema, "Kaka yangu huyo, nimemjua kabla yako." Wauguzi wakageuka kutazama. Leodegar akafumbua macho: "Kaeni kwa zamu, jamani. Sijafa bado." Wakacheka wote watatu, yeye akikohoa.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Machi 1957, zamu ya Bernadeta. Lakini Bernadeta alikuwa ametoka kumtafutia uji, akamwomba wifi yake amshikie nafasi kidogo. Aliporudi, uji ungali wa moto, Rosalia alikuwa ameshamfumba macho. Neno lake la mwisho Rosalia analo, na hajamwambia mtu. Bernadeta anamwonea wivu kwa hilo, na anayasema haya mbele ya jeneza ili kaka mtu asikie.

Marehemu ameacha mjane, Rosalia. Watoto wawili, Fransis na Auleria. Na dada mmoja. Mzee Hija naye yupo pale nyuma. Asogee mbele, akae na familia.

Leodegar, pumzika kwa amani. Wifi, neno lile ni lako. Lakini siku moja, ukiweza, nigawie.