Mpini Uliotoka Uvira: Maisha ya Papa Télesphore Cishugi, 1951–2024

Ndugu, majirani wa Cimpunda, na ninyi mliopanda kutoka sokoni Kadutu: ninayesoma ni Eulalie, binti wa Stanislas, kaka mkubwa wa marehemu. Naona leo viti havikutosha. Baba yangu mdogo angeshangaa, maana nyumbani kwake vilikuwa viwili, na kimoja hakikuwa na wa kukikalia.

Papa Télesphore alizaliwa Mudaka tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa Papa Honoré, mpishi wa mapadri, na Maman Fabiola, mkulima. Walizaliwa wawili tu, yeye na baba yangu, wakalala kitanda kimoja mpaka miguu ilipozidi kitanda.

Alisoma shule ya msingi ya misheni palepale Mudaka, akamaliza mwaka wa sita mwaka 1964. Siku moja alikutwa amelifungua kufuli la stoo ya chaki. Chaki zote zilikuwemo. Alitaka tu kuona springi inakaa wapi. Mwalimu alimchapa, na kesho yake akamletea saa yake ya mezani iliyokuwa imesimama.

Babu Honoré alifariki mwaka 1972. Aliacha shamba, na mashine ya kunyolea ndevu, ile ya zamani ya shaba, inayofunguka kichwa na mpini, wembe ukawekwa katikati. Shamba lilikuwa la mkubwa, hapo hapakuwa na neno. Mashine waliigombea kama watoto. Basi mjomba wao akakata shauri mbele ya ukoo: mdogo achukue kichwa, mkubwa achukue mpini. Akawaambia, "Mukitaka kunyoa, mukutane." Wazee walicheka, lakini lilitendeka. Kila Jumapili baada ya misa ndugu hao walikutana, wakaunganisha mashine ya baba yao, wakanyoana.

Mwaka 1979 baba yangu aliliuza shamba la Mudaka bila kumwambia mdogo wake. Wakatukanana mbele ya watu. Baba akahamia Uvira na mpini wake mfukoni. Tangu siku hiyo Papa Télesphore hakunyoa ndevu.

Kazi yake wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Alikuwa fundi wa vitu vidogo sokoni Kadutu: kufuli, taa, saa, na zaidi ya yote mashine za kunyolea za wazee waliofariki. Kwetu siku ya kuondoa matanga watoto wa kiume hunyolewa, na ziko familia zinazotaka wanyolewe kwa mashine ya marehemu mwenyewe. Zilimfikia zimeshika kutu, meno yamepinda, sabuni ya miaka imeganda ndani. Aliziloweka katika maji ya uvuguvugu, akazisugua kwa mswaki, akanyoosha meno kwa koleo lililofungwa kitambaa. Hakutumia ndimu wala majivu kabla hajajua juu kumepakwa nini, kwani kuna rangi ikishatoka hairudi. Aligeuza kichwa, akasoma alama za chini, akakwambia kama kichwa na mpini vilizaliwa pamoja au vilikutanishwa sokoni.

Na ndevu zake zilimfika kifuani. Wateja walimtania: "Papa Télé, kinyozi hajinyoi!" Alicheka nao. Mipini iliyoingia vizuri kwenye kichwa cha mashine ya baba yake aliipata mingi pale Kadutu. Yote aliiuza. "Haiko ya kwetu," alisema, akaendelea kungoja.

Kuhusu ndoa, alimposa Maman Nyota, binti wa Cimpunda, mwaka 1983. Kwetu kijana haendi peke yake kwa wakwe. Kaka yake humtangulia kusema. Alituma ujumbe Uvira kwa wasafiri. Baba yangu hakuja. Wajomba wakasema watamsindikiza wao, akakataa, akasema kaka yake atafika tu. Maman Nyota alisubiri kadiri binti anavyoweza kusubiri, kisha akaolewa na mwingine. Papa Télesphore hakuposa tena.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka jana. Jirani yake, Maman Mapendo, ndiye aliyempikia uji na kumfulia. Wengine tulikuwa na shughuli. Nasema tulikuwa, na mimi nimo.

Baba yangu alifariki Uvira mwezi wa sita mwaka huu. Kabla ya kukata roho alinipa mpini wa shaba, akasema, "Upelekee mudogo wangu. Anyoe sasa." Nilipanda kutoka Uvira kwa barabara ya milimani ya Ngomo mwezi wa tisa, nikamkuta baba mdogo kitandani. Nilimwambia kwanza habari ya kifo. Kisha nikamwekea mpini mkononi. Aliugeuza, akapitisha ukucha kwenye nyuzi zake za skrubu, akauinua kwenye mwanga. Aliufunga kwenye kichwa cha mashine alichokitunza, akaufungua, akaufunga tena.

"Njo yenyewe," alisema, kwamba ndio huo hasa. "Sasa uninyoe, mwanangu. Ni matanga ya mukubwa wangu."

Tulimkalisha uani. Nilikata kwa mkasi, nikapaka sabuni, nikanyoa polepole. Ndevu zilipoisha, uso uliotokea ulikuwa wa baba yangu, ule niliouzika mwezi wa sita. Nililia pale pale, povu mkononi. Nilibaki naye, nikamnyoa kila Jumapili mpaka alipofariki, nyumbani kwake Cimpunda, Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2024.

Ameacha watoto wawili wa kaka yake, Eulalie na Cédric, wajukuu wa Uvira ambao hakuwaona, na Maman Mapendo, ambaye si ndugu yetu wa damu na alitushinda sote. Siku ya kuondoa matanga Cédric atanyolewa kwa mashine hiyo.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo. Linalofuata nimeliandika kwa kalamu, maana nimeambiwa jana tu, tukiwa tunakesha, na Maman Mapendo.

Anasema siku ile ya kwanza, nilipoteremka kuchota maji, baba mdogo alimwita, akamwonyesha mashine. Alimwambia: "Huu mupini haiko wa baba. Wa baba ulikuwa unakwama kidogo pa kuufunga, mimi niliuharibu nikiwa mutoto. Huu unaingia tu."

Baba yangu alikimbia vita mara nyingi. Labda ule wa kweli ulipotea njiani, akaona haya, akatafuta mwingine. Sitajua.

Maman Mapendo alimuuliza, "Sasa mbona ulimwambia njo yenyewe? Maisha yote unaikatala mipini ya watu!"

Akamjibu, "Mama, nikiukatala, mutoto atarudi nao Uvira."

Basi, Papa Télesphore, sikurudi. Niko hapa mbele yako, na mpini usio wenyewe ninao mkononi. Mungu akupokee na uso wako ulionyolewa, akukutanishe na mkubwa wako. Upumzike kwa amani.