Marahaba ya Mwisho

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Machi 1958, alizaliwa mdogo wangu wa kunifuata, ambaye jina lake kamili limeandikwa kwenye jeneza hili, lakini ninyi nyote mlimjua kwa jina la Mzee Marahaba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1966 hadi Novemba 1972, chini ya mwalimu aliyewachapa wasioitikia salamu, naye hakuchapwa hata siku moja. Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa kuwa mpokea simu katika ofisi za reli, akastaafu tarehe 30 Juni 2018, na kwa muda huo wote hakuiacha simu ilie mara ya tatu.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yangu, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo sauti imemkauka, ndiyo maana nasoma mimi.

Mwezi Mei 2025 alianza kukohoa, picha ikaonyesha uvimbe katika pafu la kulia, ikaamuliwa achomwe sindano ili kinyama kidogo kikapimwe. Daktari alimweleza, nasi tukisikia, kwamba sindano ikiwa pafuni hewa inaweza kupenya kwenye mshipa wa damu ikafika moyoni au kwenye ubongo, kwa hiyo abane pumzi, asikohoe, asiseme neno, hata akiitwa asiitike. Marehemu akamjibu, "Daktari, hilo mke wangu ananiomba tangu mwaka themanini na nne." Tulicheka, na hatujacheka tena.

Tarehe 9 Septemba, daktari akiwa amechomoa waya wa ndani ya sindano, na kidole chake bado hakijaziba tundu, muuguzi aliingia na sinia la vifaa, akamwona mtu wa rika la baba yake, akamwamkia. Walimpa oksijeni, walihangaika naye, lakini hewa ilikwisha kufika kwenye ubongo, akafariki tarehe 11 bila kuzinduka. Majibu ya kinyama yametoka jana. Haikuwa saratani.

Tunamshukuru daktari, ambaye hakutuficha neno, pamoja na wauguzi, majirani na wafanyakazi wenzake wa reli. Tumeambiwa kwamba mlango wa chumba kile sasa umebandikwa maandishi, "Humu hatusalimiani," nasi tunayapokea, ingawa kwetu yamechelewa.

Lala, mdogo wangu, simu zote zimenyamaza.

Mwisho, tangu juzi inasemwa humu msibani kwamba marehemu alikaidi, akakohoa, na wengine wanamnyooshea kidole muuguzi, aliyeketi nasi hapa. Nasahihisha. Hakukohoa. Alipewa shikamoo na mtoto aliyelelewa vizuri, naye, kama alivyolelewa, akaitikia.