Darasa la Alhamisi Ndani ya Duara

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa mabenchi ya nyuma, na ninyi wageni wetu wa makanisa mengine mliokuja kutusalimia leo hapa Nyasubi. Jina langu ni Mabula. Mnaniona nimesimama mbele yenu mzima, miguu yote miwili, meno yote. Nataka niwaambie kwa nini.

Mimi nimezaliwa Mmethodisti. Mama yangu, ambaye wote mlimwita Mama Mabula, alikuwa kiongozi wa darasa. Kwa wageni nieleze kidogo: sisi, mbali na ibada ya Jumapili, tuna vikundi vidogo vya waumini vinavyokutana nyumbani kwa mtu katikati ya wiki. Ndilo darasa. La kwetu lilikuwa Alhamisi jioni, sebuleni kwa mama, tumekaa mkekani, katikati sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai ya rangi. Mama aliita jina moja moja na kuuliza, "Roho yako iko wapi wiki hii?" Mmoja anajibu, wengine kimya. Na huwezi kusema "salama" ukapita! Atakungoja. Mama alijua kungoja, jamani. Angekungoja mpaka chai ipoe.

Asiyekuwepo naye aliitwa. Hapo wote waliitika kwa niaba yake: "Yuko njiani, Bwana amshike." Mtu kahamia Mwanza, mtu kaacha kanisa kabisa, bado wanaitika yuko njiani! Utotoni niliona ni kichekesho. Leo nikikumbuka harufu ya ile michembe, machozi yananilengalenga.

Basi nikakua, nikaenda Geita kuchimba dhahabu. Tulikuwa wanne kwenye duara moja, yaani shimo letu la kuchimbia. Paschal wa Ushirombo, Mkatoliki hasa, rozari shingoni. Elia, mlokole, akiomba hata kuku wa jirani wanajua. Masanja, Msabato, chai hagusi, chupa yake ya maji haimtoki mkononi. Tulitaniana kutwa. Mimi waliniambia, "Ninyi Wamethodisti ni kanisa gani? Ubani hamna, kunena kwa lugha hamneni, Jumamosi mnalima. Kazi yenu kuulizana habari tu mkekani!" Nilicheka nao.

Ijumaa moja asubuhi, wakati wa masika, mvua ikiwa imelowesha ardhi siku nyingi, matimba yakaachia, zile nguzo zinazoshikilia kuta za duara. Kifusi kikaziba njia juu yetu. Tukabaki kwenye kijitundu ambacho hata kunyoosha miguu ni kazi. Taa za kichwani zikafa moja moja. Ndugu zangu, nisiwadanganye, niliogopa sana!

Kila mmoja akamlilia Mungu kama alivyofundishwa kwao. Paschal na Salamu Maria. Elia ananguruma. Masanja anauliza kama jua la Ijumaa limeshazama, maana hakutaka Sabato imkute anafukua mawe. Mimi nalia, "Mama! Mama!" kama mtoto aliyepotea mnadani. Kelele tupu, na hewa inazidi kuwa nzito.

Hapo ndipo darasa likanijia. Sikulitafuta. Nilisikia tu mdomo wangu unasema, tena kwa sauti ya mama, "Paschal. Roho yako iko wapi?"

Wakanyamaza. Kisha Paschal akaanza kusema taratibu habari za mke wake, ambaye alikuwa mjamzito. Tukamsikiliza. Nikamwita Masanja. Nikamwita Elia. Wakaniita na mimi. Mmoja anasema, watatu wanapumua polepole. Tukazunguka hivyo tena na tena, wanaume wazima tuliokuwa tunajifanya majabali, tunaambiana yaliyomo moyoni. Nikawaambia kwamba kule Nyasubi mama huniita kila Alhamisi, na watu huitika kwa ajili yangu. Nikawafundisha lile jibu. Paschal akasema, "Basi hata sasa kuna mtu ametushika."

Zamu ya Elia ikafika. Nikamwita, hakujibu. Nikamwita tena, kimya! Paschal akasema, "Yuko njiani, Bwana amshike." Masanja akatambaa gizani akammwagia usoni maji yake yaliyobaki. Tukangoja. Tukangoja kama mama alivyokuwa akingoja, hakuna aliyetia neno. Na katika kimya kile, ndugu zangu, tukasikia ko, ko, ko! Nyundo! Wenzetu wa juu walikuwa wanatutafuta, lakini wanachimba upande ambao hatupo!

Elia akakohoa. Tukamwambia kwa pamoja, "Elia, omba!" Asanteni sana, walokole! Sauti ile niliyokuwa nainung'unikia ikapasua mwamba. Nyundo zikasimama. Zikaanza tena, na safari hii zilikuwa zinakuja kwetu. Tulitoka wote wanne. Haleluya!

Msidhani tulihama makanisa. Paschal ni wa misa mpaka leo, Masanja na Jumamosi yake, Elia na spika zake. Wala sisemi darasa letu linazipita sala za wenzetu. Bila maji ya Msabato na koo la mlokole nisingekuwa hapa. Nasema tu Mungu aliukunjua na mkeka wa mama yangu kule chini.

Alhamisi iliyofuata nilifika nyumbani. Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia mama akiita, "Mabula." Kabla hawajaitika, nikajibu pale mlangoni, "Nipo, mama." Hakuinuka. Alinitazama, akaweka kikombe chini, akasema, "Haya. Roho yako iko wapi wiki hii?" Nililia mpaka nikashindwa kujibu, naye akaningoja.

Mwaka jana mama alilala katika Bwana. Paschal alikuja kutoka Ushirombo kuzika, akabaki nasi mpaka Alhamisi. Wakaniambia niliongoze darasa. Nikaita majina, na bila kufikiri nikaita, "Mama Mabula." Nani angesema yuko njiani? Ndipo Paschal, kwenye kona yake, akafanya ishara ya msalaba, akasema taratibu, "Amefika."

Wabeja, Bwana! Asante, Yesu! Ndugu yangu uliye gizani leo, wa dhehebu lolote, mtegemee Yeye, maana anakujua kwa jina. Mkeka uko palepale kwa mama, Alhamisi jioni, michembe ipo. Njoo nikuite. Na usipokuja, tutakuitikia.