Mama Tulia Anastaafu, Vita Vimeanza Tena

Mkuu wa uwekezaji wa Mfuko wetu wa Pensheni, tunayemwita Mama Tulia, anastaafu Ijumaa tarehe 30 baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Mkurugenzi Mkuu alilitangaza hilo juzi, saa chache baada ya vita vipya kuzuka na soko la hisa kuporomoka. "Nilimbembeleza abaki mpaka vita viishe," alisema. "Akaniuliza, vita vipi? Alisema hajawahi kufanya kazi siku ambayo hapakuwa na vita mahali fulani."

Alianza kama karani wa michango, akahamishiwa uwekezaji kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka chumba cha idara hiyo, kilichopakana na choo. Vita vilipozuka mara ya kwanza, bosi wake aliuza hisa zote kabla ya chakula cha mchana, akazinunua tena baadaye kwa bei ya juu. Mama Tulia humtaja kwa heshima hadi leo: "Alinifundisha kila kitu. Nilifanya kinyume tu."

Alipokuwa mkuu aliweka utaratibu ambao haumo katika kanuni yoyote. Anayetaka kuuza hisa kwa sababu ya taarifa ya habari, kwanza aoshe vikombe vya ofisi nzima. Mikono iliyo kwenye maji, alisema, haishiki simu. Mwaka ule mafuta yalipopanda bei maradufu, jikoni kulikuwa na foleni.

Hata mwenyekiti wa bodi, kanali mstaafu, hakusalimika. Alifika asubuhi moja ya vita akiwa na amri ya kuuza kila kitu. "Mama, mimi nimepigana vita. Wewe umeviona kwenye televisheni."

"Sawa, Kanali. Siku ya kwanza vitani ulikuwa unamaliza risasi zote?"

Kanali akavua koti. Vikombe viwili vilivunjika, amri haikutekelezwa, na soko likarudi baada ya miezi kumi na minne.

Haikuwa bahati wala ushupavu. Fedha za wanaokaribia kustaafu alikuwa amezitoa kwenye hisa mapema, kwa sababu njaa haisubiri soko. Zilizobaki zilikuwa za madereva na manesi wenye miaka ishirini mbele yao. Methali ya subira na heri haipendi. Anasema subira bila hesabu ni uvivu uliovaa kanzu.

Amekosea pia. Kiwanda cha saruji alichokisifia mwaka mzima kililipuliwa, na hisa zake zikabaki karatasi. Aliieleza bodi kwa sentensi moja: ndiyo maana hatukujenga nyumba kwa nguzo moja.

Mumewe, fundi cherehani, anaomba tusimtukuze kupita kiasi. Nyumbani, akisikia tetesi kwamba unga utapanda, mkewe hununua magunia manne.

Sasa kiti anakiachia msaidizi wake, Bwana Presha, jina alilolipata kihalali. Wajumbe watatu wa bodi wanataka nusu ya hisa iuzwe, na Presha ndiye atakayewajibu. Juzi alimwendea Mama Tulia akiuliza awaambie nini.

"Waambie hesabu," alijibiwa. "Ukitetemeka, tetemeka umekaa. Na pensheni yangu imo humo humo, mwanangu, usinifanye nirudi."

Mama, asante kwa miaka yote uliyotuzuia tusijiumize. Tunakutakia mapumziko marefu kuliko vita vyovyote, na unga wa kutosha.

Kumuaga ni Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa chini. Bodi inakutana Jumatatu saa tatu asubuhi. Presha ametuambia, huku akijifuta jasho, kwamba atapendekeza isiuzwe hata hisa moja. "Bodi naiogopa," alisema, "lakini Mama namwogopa zaidi."