Shangazi Hadubini na Nzi wa Shamba la Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewakagua nzi, kichwani hadi mkiani, kwa miaka thelathini na sita. Wenzake walimwita Shangazi Hadubini. Alipokea nzi walionaswa kwenye mitego ya mashambani, akasema ni nzi gani, na ni dume au jike. Basi, kazi ndiyo hiyo.

Mnacheka? Hata mumewe alicheka. Anasimulia kwamba siku aliyokwenda kujitambulisha ukweni, nzi alitua kwenye kikombe chake. Binti akainama, akamkagua nzi kwanza, mchumba baadaye. "Macho yameachana," akasema. "Huyu jike." Mzee anasema hapo hapo alijua amekwisha.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja uliletwa mtego kutoka shamba la machungwa la kaka yake mkubwa. Ndani, nzi mmoja. Mmoja tu, wasikilizaji. Akiwa jike wa nzi watoboao matunda, machungwa yote yafukiwe, maana jike ndiye anayetaga ndani ya tunda. Akiwa dume, shamba linaongezewa mitego tu.

Kaka mtu alisimama mlangoni akipindapinda kofia. Shangazi akatazama mabawa: madoa yaleyale. Akatazama mkia: umechongoka kama sindano, ile ya jike ya kutagia. Akarudia mara tatu, akiomba awe amekosea.

"Mdogo wangu, andika dume," kaka akasema. "Nani atajua?"

"Mayai yake yatajua, kaka."

Akaandika jike. Jioni alilia jikoni, mumewe anasema, mpaka chai ikapoa.

Machungwa yalifukiwa. Kaka akanuna misimu miwili, hata salamu zikawa za kutumiana. Lakini mashamba ya majirani yalipona, na lake likazaa tena. Msimu wa tatu akaingia ofisini bila hodi, akaweka kasha la kiberiti mezani. Ndani mna nzi. "Nimemkagua mwenyewe. Dume."

Shangazi akachungulia kwenye hadubini. Dume kweli. Walicheka mpaka karani akaja kuuliza kulikoni. Tangu hapo, kila Jumatatu kaka na kiberiti chake.

Jumatatu hii alitupigia simu hapa studio. "Nimekamata mmoja," akasema. "Naona kama jike. Lakini sasa nani ataniambia ukweli?"

Kaka mtu, mume, watoto na wajukuu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunacheka pamoja nanyi. Nasi wengine tujiulize leo: siku mtego ukitoka kwa wa nyumbani kwetu, tutaandika tulichokiona?